Kinundu cha Berlin: Historia ya Diski ya Mgongo na Tiba Yake

Mwishoni mwa mwaka 1908, mjini Berlin, daktari mpasuaji Fedor Krause alimfungua mgongo mgonjwa aliyekuwa ameteswa na maumivu ya mguu kwa miaka, hadi mishipa ya sehemu ya chini ya mwili ikaanza kushindwa kufanya kazi. Aliyemleta kwake ni Hermann Oppenheim, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu aliyeheshimika Ulaya nzima. Krause aliondoa mfupa wa nyuma ya pingili, akaingia ndani, akakuta kinundu kimeibana mishipa. Akakitoa. Mgonjwa akapata nafuu. Mwaka uliofuata madaktari hao wawili walichapisha habari za upasuaji huo, na kinundu kile wakakitaja kuwa uvimbe wa gegedu, yaani kitu kilichoota pasipostahili.

Hakikuwa kimeota. Kilikuwa kipande cha diski ya mgonjwa mwenyewe, kimechomoka mahali pake na kuilalia mishipa. Krause alikuwa ameitoa diski iliyopasuka, na kumponya mtu kwa kufanya hivyo, bila kujua alichokitoa. Ilipita karibu robo karne kabla ya madaktari wawili wa Boston kusimama mbele ya wenzao na kueleza kinundu cha aina ile ni kitu gani. Ninapoisoma historia ya ugonjwa huu, hilo ndilo linalonishika: watu walikiona kitu kwa macho yao, wakakishika kwa vidole vyao, na bado wakakipa maana waliyokuwa nayo tayari kichwani. Na walipokwisha kukijua, wakakitwika lawama ya karibu kila mgongo unaouma.

Kwanza tuujue mgongo wenyewe. Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazojongea, kuanzia shingoni hadi kiunoni, nazo zimekalia mfupa mpana ulio katikati ya nyonga. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, hukaa diski, jumla yake 23. Kila diski ina ukingo wa nyuzi ngumu, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na katikati ina kiini cha ute mzito uliojaa maji. Kiini hicho ndicho kinachobeba mshindo tunapotembea, tunaporuka, tunapokaa. Mtu akiinama na kunyanyua gunia, kiini husukumwa kuelekea nyuma; na kama ukingo umechakaa au una ufa, hupenya na kutokeza nje. Nyuma tu ya diski ndiko inakopita mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

Zaidi ya diski 9 kati ya 10 zinazopasuka kiunoni ni zile mbili za chini kabisa, kwa kuwa hizo hubeba uzito mwingi na kupindwa zaidi ya nyingine. Mishipa inayotoka hapo huungana na kuwa mshipa mnene kuliko yote mwilini, unaopita kwenye kalio, ukashuka nyuma ya paja, ukamaliza unyayoni. Kwa hiyo mtu mwenye tatizo kiunoni anaweza kuja hospitali akilalamikia kidole gumba cha mguu. Anasema mguu unawaka moto, unakufa ganzi, akikohoa au kupiga chafya anahisi amepigwa shoti kutoka kiunoni hadi kisiginoni. Maumivu hayo ndiyo sayatika.

Sayatika inajulikana tangu kale. Katika maandishi ya Wagiriki yanayohusishwa na Hippocrates mna maelezo ya kumfunga mgonjwa wa mgongo juu ya ubao na kumvuta kwa kamba, kichwa huku na miguu kule. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliifungua sehemu ya upasuaji ya kitabu chake kikubwa kwa mlango wa kuchoma kwa chuma cha moto, na maumivu ya nyonga na mguu yamo miongoni mwa aliyoyaagizia tiba hiyo. Katika pwani yetu waganga waliumika, wakachanja, wakakanda kwa mafuta ya moto. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuangalia mfupa wa mgongo. Maumivu yako mguuni, basi ugonjwa uko mguuni: katika damu, katika baridi, au katika kiungo cha nyonga.

Aliyeutenga mshipa wa fahamu na mambo mengine yote ni Domenico Cotugno wa Napoli, mwaka 1764. Alikuwa kijana wa miaka isiyotimia 30. Katika kitabu kifupi cha Kilatini alieleza kwamba iko sayatika inayotokana na kiungo, na iko inayotokana na mshipa wenyewe. Na hii ya pili aliifuata njia yake sehemu kwa sehemu kutoka kalioni hadi mguuni. Chanzo alidhani ni majimaji makali yaliyojaa katika ala ya mshipa. Hapo alikosea, lakini ugonjwa alikuwa ameuweka mahali pake, na kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya waliuita kwa jina lake.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye alitokea daktari mwingine ambaye nampenda sana katika kisa hiki, Laza Lazarević wa Belgrade. Waserbia wanamkumbuka kwanza kama mwandishi, kwa kuwa hadithi zake fupi zinasomwa shuleni hadi leo. Mwaka 1880 alichapisha maelezo ya wagonjwa 6 aliowapima kwa njia rahisi kabisa: mgonjwa alale chali, daktari ainue mguu wake ukiwa umenyooka, bila kukunja goti. Kabla mguu haujafika juu, mgonjwa anapiga kelele. Lazarević akasema sababu ni kwamba mshipa unavutwa. Mwaka uliofuata huko Paris, mwanafunzi wa Profesa Lasègue, aitwaye Forst, alieleza kipimo hicho hicho katika tasnifu yake, akampa mwalimu wake sifa, na akatoa sababu tofauti: misuli ya paja inaubana mshipa. Dunia ikachukua jina la Lasègue. Sababu iliyokuwa sahihi ni ile ya Belgrade. Lazarević alifariki mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 39.

Kipimo hicho hakigharimu chochote. Zahanati yoyote, hata isiyo na umeme, inaweza kukifanya, na bado ndicho daktari mwenye mashine ya mamilioni huanza nacho.

Wakati huohuo vyumba vya kuchunguzia maiti vilikuwa vimeshaanza kutoa ushahidi. Nchini Ujerumani, Rudolf Virchow mwaka 1857 na Hubert von Luschka mwaka 1858 walieleza diski zilizotokeza nje ya nafasi yake. Waliandika walichokiona, lakini hawakukihusisha na mtu aliyekuwa akilia usiku kwa maumivu ya mguu. Maiti haisemi ilikuwa inaumwa wapi.

Kisa cha Glasgow cha mwaka 1911 kingetosha kufungua macho. Mfanyakazi mmoja aliinua bamba zito la chuma kutoka sakafuni, akasikia kitu kikialika kiunoni. Miguu ikapooza, baadaye akafa. Madaktari George Middleton na John Teacher walipoufungua mgongo walikuta kiini cha diski kimeingia katika njia ya ugwe wa mgongo na kuukandamiza. Wakaandika wazi kwamba diski ilipasuka kwa nguvu za misuli wakati wa kunyanyua. Mwaka huohuo, Boston, Joel Goldthwait alieleza habari za mgonjwa wake aliyepooza baada ya kunyooshwa mgongo. Alikuwa amepasuliwa na Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo maarufu kuliko wote Marekani, na Cushing hakukuta kitu cha kueleza hali ile. Goldthwait aliketi akafikiri, akapendekeza kwamba huenda diski ya chini kabisa ilichomoka ikaibana mishipa. Makala yake ilitoka katika jarida la madaktari la Boston, ikasomwa, ikafungwa.

Miaka iliyofuata vinundu viliendelea kutolewa, na kila mara vikaitwa uvimbe. New York, Charles Elsberg alikusanya kadhaa na kuviweka katika hesabu ya uvimbe wa gegedu. Mwaka 1929 Walter Dandy wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alikaribia sana: alieleza wagonjwa wawili ambao kwao alisema vipande vile vilitoka katika diski, vikajifanya uvimbe. Makala ya Dandy imeandikwa kwa ufasaha, nayo ikapita kimya. Nadhani kilichokosekana ni wingi. Wagonjwa wawili huonekana ni jambo la nadra, na jambo la nadra halibadilishi namna daktari wa kawaida anavyomtazama mtu wa kawaida anayeingia akichechemea.

Wingi huo ulikuwa unakusanywa Dresden, kwenye meza ya Christian Georg Schmorl. Alikuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti, na alijiwekea kazi ambayo wengine wangeiona ya kuchosha: kuutoa uti wa mgongo mzima, kuupasua kwa urefu, kuupiga picha na kuuandika. Alifanya hivyo kwa maelfu ya migongo. Akaona kwamba diski zilizotokeza ni jambo la kila siku. Nyingine zilipenya kwenda juu au chini ndani ya mfupa, na mashimo hayo hadi leo yanaitwa vinundu vya Schmorl; nyingine zilitokeza nyuma. Kitabu alichoandika na Herbert Junghanns kilitoka mwaka 1932, na Schmorl akafariki mwaka huohuo.

Kiangazi cha mwaka 1932 daktari kijana wa mifupa wa Massachusetts General Hospital, Boston, aitwaye Joseph Barr, alipokea mgonjwa wa miaka 28 aliyeumia akiteleza kwenye theluji milimani Vermont. Maumivu ya mguu hayakuisha kwa mapumziko wala kwa kufungwa plasta. Barr alimpeleka kwa mwenzake mkubwa kwa umri, William Jason Mixter, mpasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mixter alitumia njia iliyobuniwa Ufaransa muongo mmoja kabla yake na Sicard na Forestier. Daktari huchoma sindano kiunoni, akaingiza mafuta ya mbegu za mpopi yaliyochanganywa na iodini, kisha mgonjwa akalazwa juu ya meza inayoinamishwa huku na huku, na eksirei ikafuatilia tone la mafuta likiteremka ndani ya mfereji wa mgongo. Mahali tone linaposita ndipo palipo na kizuizi. Mixter alipasua mwezi Desemba. Alikuta kinundu. Maabara ikajibu kama ilivyozoea: uvimbe wa gegedu.

Barr hakuridhika. Alikuwa ameisoma kazi ya Schmorl, na picha za diski zilizotokeza zilikuwa bado zimo akilini mwake. Akaweka kipande cha mgonjwa wake chini ya hadubini, kando yake akaweka kipande cha diski ya kawaida, akalinganisha. Zilikuwa nyama zilezile. Kisha yeye na Mixter wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililobeba ugunduzi wote: walirudi katika kabati la hospitali, wakavitoa vipande vya zamani vilivyohifadhiwa kwa jina la uvimbe wa gegedu, wakavipima upya kimoja baada ya kingine. Vingi vilikuwa diski. Jibu lilikuwa limekaa rafuni miaka yote, ndani ya chupa zenye lebo yenye makosa.

Tarehe 30 Septemba 1933 waliwaeleza wapasuaji wa New England walichokikuta, na tarehe 2 Agosti 1934 makala yao ikatoka katika New England Journal of Medicine, ikiwa na wagonjwa 19. Jarida hilo ni lilelile lililochapisha dhana ya Goldthwait mwaka 1911, likiwa limebadilishwa jina. Mixter na Barr walisema mambo mawili: diski iliyopasuka ni chanzo cha kawaida cha sayatika, na tiba yake ni kuitoa kwa upasuaji.

La kwanza limesimama hadi leo. La pili liliwalevya watu. Kwa miaka 30 iliyofuata diski ndiyo iliyotafutwa katika kila kiuno kinachouma. Kabla yake lawama zilikuwa za kiungo cha nyonga na mgongo, za meno mabovu na za mafindofindo yaliyodhaniwa kusambaza sumu mwilini. Sasa zote zikahamia diski. Upasuaji ulizidi kuwa rahisi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1939 J. Grafton Love wa Mayo Clinic alieleza namna ya kupita baina ya pingili bila kuondoa mfupa mwingi, na Eustace Semmes wa Memphis naye akapunguza ukubwa wa jeraha. Jambo linapokuwa rahisi hufanywa hata pasipohitajika, na wengi walipasuliwa migongo ambayo diski zake hazikuwa na hatia. John F. Kennedy alipasuliwa mwaka 1944, akapasuliwa tena Oktoba 1954 na kuwekewa bamba la chuma, akapata maambukizi hadi kasisi akaitwa kumpa mpako wa wagonjwa, na mwaka 1955 akafunguliwa tena ili bamba litolewe. Aliingia Ikulu ya Marekani akiwa bado anaumwa mgongo, na alikuwa amevaa mkanda wa kiuno siku aliyouawa.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo yalifanyika majaribio ya werevu mkubwa. Nchini Uingereza, mwaka 1958, Smyth na Wright walieleza jinsi walivyozungushia uzi wa nailoni kwenye mishipa ya fahamu ya wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa, ncha za uzi zikaachwa nje ya jeraha. Siku zilizofuata, mgonjwa akiwa macho, walivuta uzi taratibu. Ulipovutwa mshipa uliokuwa umebanwa na diski, sayatika ilirudi kama ilivyokuwa. Ulipovutwa mshipa mzima ulio jirani, hakukuwa na maumivu ya namna hiyo. Kwa hiyo kubanwa peke yake hakutoshi. Mshipa uwe umevimba, umewasha. Kwa nini umewasha, hakuna aliyejua vizuri hadi mwaka 1993, Kjell Olmarker na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walipochukua kiini cha diski ya nguruwe na kukiweka juu ya mishipa yake bila kuibana hata kidogo. Mishipa ilipunguza kasi ya kupeleka taarifa. Ute wenyewe unauchoma mshipa. Hapo ndipo dawa za kupunguza uvimbe, na sindano za steroidi karibu na mshipa, zilipopata maelezo yake.

Kuna sura moja ya historia hii inayoanzia mashambani kwetu. Mpapai ukichanjwa tunda lake likiwa bado bichi, hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukikingwa na kukaushwa hutoa papaini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Ndiyo maana mpishi wa pwani husugua papai bichi kwenye nyama ngumu kabla ya kuichoma. Tanganyika, Uganda na Kongo zote ziliwahi kuuza papaini nje. Mwaka 1956, New York, daktari Lewis Thomas aliwachoma sungura sindano ya papaini kwenye mshipa wa damu. Kesho yake masikio yao yalikuwa yameanguka, yakining'inia kando ya vichwa. Sungura wenyewe walikuwa wazima. Gegedu la masikio lilikuwa limepoteza ile nguvu inayolisimamisha, na baada ya siku chache likairudisha.

Lyman Smith, daktari wa mifupa wa Illinois, aliisoma habari hiyo na kufikiria diski. Alichukua kimeng'enya ndugu wa papaini kiitwacho kimopapaini, akakijaribu katika diski za wanyama, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawachoma wagonjwa. Sindano moja ndefu, ikiongozwa na eksirei, inaingia katikati ya diski. Kimeng'enya kinavunja protini zinazoshikilia maji. Kiini kinanywea, mshipa unapata nafasi. Hakuna kisu. Mwaka 1975 jaribio moja Marekani halikuonyesha tofauti baina ya dawa hiyo na dawa bandia, maombi ya kuisajili yakaondolewa, na Wamarekani wakawa wanapanda ndege kwenda Kanada kuchomwa. Majaribio bora zaidi yakafuata, yakaitetea, na mwaka 1982 ikaruhusiwa. Maelfu walichomwa. Lakini wachache walipata mzio mkali wa ghafla, na wachache zaidi wakapooza. Pale kilipokosea kuingia, kimeng'enya kilikuwa hakichagui nyama ya kumeng'enya. Mauzo yalisimama Marekani mwaka 2003. Wazo lake halikufa: mwaka 2018 Japani iliidhinisha sindano ya kimeng'enya kingine, kondoliezi, kinacholenga kiini cha diski na kuziacha protini.

Upasuaji nao ulizidi kuwa mdogo. Mwaka 1977, Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Zurich, na Wolfhard Caspar wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna ya kutoa diski kwa kutumia hadubini ya upasuaji kupitia tundu la sentimita chache. Mgonjwa aliyekuwa akilazwa majuma sasa aliweza kuinuka kesho yake. Hiyo ndiyo njia ambayo bado inatumika zaidi, na kwa mgonjwa sahihi ni upasuaji mzuri sana: maumivu ya mguu huondoka mara nyingi kabla ya jeraha kukauka.

Lakini mgonjwa sahihi ni nani? Swali hilo lilijibiwa kwa uvumilivu huko Oslo. Henrik Weber alikuwa na wagonjwa 126 ambao haikuwa wazi kama wapasuliwe au la. Akawagawa kwa kura, nusu kisu, nusu tiba ya kawaida, kisha akawafuatilia kwa miaka 10. Alipotangaza matokeo mwaka 1983 yaliwashangaza wengi. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa katika hali bora kwa wazi. Baada ya miaka 4 tofauti ilikuwa ndogo. Baada ya 10 haikuwepo. Mwaka 2007 Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi walirudia swali hilo kwa wagonjwa 283, na picha ikawa ileile: waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, 39 kati ya kila 100 walioambiwa wasubiri walishindwa kuvumilia wakaishia kupasuliwa, na mwaka ulipotimia, 95 kati ya 100 katika makundi yote mawili walisema wamepona.

Wale waliopona bila kisu, diski yao ilikwenda wapi? Ndilo jambo ninaloliona zuri kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo lililochelewa kuaminika. Picha za CT za miaka ya 1980, kisha za MRI, zilipopigwa mara ya pili kwa mtu yuleyule baada ya miezi, zilionyesha kipande kimesinyaa au kimetoweka. Kiini cha diski hakipitiwi na damu tangu utotoni, kwa hiyo askari wa mwili hawajawahi kukutana nacho. Kikichomoka na kuanguka mahali penye damu, hukichukulia kuwa kigeni. Huota mishipa midogo ya damu pembeni yake, seli zinazokula mabaki hukusanyika, zikakila kidogokidogo. Vipande vikubwa vilivyokatika kabisa, vile vinavyomtisha daktari anayeitazama picha, ndivyo mara nyingi huyeyuka vizuri kuliko vile vidogo vilivyobenuka tu. Uwashaji uleule unaomfanya mtu ashindwe kulala ndio ulio kazini kumsafishia mgongo.

MRI ilifundisha la pili. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake walichapisha picha za watu 98 wasioumwa mgongo. Nusu yao, asilimia 52, walikuwa na diski iliyobenuka angalau mahali pamoja, na asilimia 27 walikuwa na iliyotokeza. Watu hao walikwenda kazini siku hiyo kama kawaida. Nimewaona watu wengi wakitoka chumba cha picha na bahasha mkononi, nyuso zimewapauka kwa sababu karatasi imeandikwa diski tatu, wakati mgongo wao unauma tangu juma lililopita tu baada ya kuhamisha kabati. Picha inasema kilichopo. Haisemi kinachouma, mpaka ilingane na mguu unaouma, na ganzi ilipo, na kipimo cha kuinua mguu.

Vivyo hivyo kuhusu kulala kitandani. Kwa miongo mingi mgonjwa wa diski aliambiwa alale juu ya ubao majuma mazima. Mwaka 1999 madaktari wa Maastricht waliwagawa wagonjwa 183 wa sayatika, baadhi walazwe majuma 2, wengine waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Hakukuwa na faida yoyote ya kulala. Na kuhusu kazi nzito, utafiti wa Finland wa mwaka 1995 uliochunguza jozi 115 za wanaume mapacha wa kufanana ulionyesha kwamba kuchakaa kwa diski kunafuata zaidi damu ya ukoo kuliko mizigo ambayo mtu amebeba maishani. Hilo haliwapi waajiri wa makuli ruhusa ya kuwabebesha magunia wapendavyo, kwa kuwa mzigo ukiikuta diski iliyokwisha kuchakaa unaipasua. Lakini linamwondolea mgonjwa fedheha ya kudhani amejiletea mwenyewe.

Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, leo hufanya upasuaji wa diski, na tangu mwaka 2008 imekuwa na ushirikiano na wapasuaji wa Weill Cornell wa New York katika mafunzo ya upasuaji wa ubongo na mgongo. Huko kama kwingineko wengi wanaofika hawahitaji kisu. Hupewa dawa za maumivu, hufundishwa mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia, huambiwa watembee, na hupewa majuma 6 hadi 12. Upasuaji huzungumzwa pale mguu unapoendelea kutesa baada ya hapo na picha ikalingana na maumivu, au pale misuli inapozidi kudhoofika, kwa mfano mtu anapotembea unyayo ukiburura chini.

Hali moja haisubiri majuma wala siku. Kipande kikubwa kikiliangukia lile fungu la mishipa lililo chini ya ugwe wa mgongo, mtu hufa ganzi sehemu za siri na pale anapokalia, mkojo hukataa kutoka au hutoka bila kujua, choo kadhalika, na miguu yote miwili hulegea. Huo ndio ugonjwa aliokuwa nao mgonjwa wa Krause. Mtu wa namna hiyo asikandwe, asinyooshwe, asipewe dawa ya maumivu na kuambiwa arudi Jumatatu. Apelekwe usiku huohuo hospitali yenye mpasuaji wa mgongo, kwa sababu mishipa ya kibofu ikibanwa kwa muda mrefu hairudi, hata kipande kitolewe kwa ustadi gani.